Namba Thelathini na Moja Hamwamkii Mtu

Jumatano, 1 Machi 1950

Leo nimepewa namba. Imeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye ukosi wa gauni langu jipya: 31. Bernadeta, msichana wa Masasi aliyeingia pamoja nami asubuhi, amepewa 32. Hapa shule ya wakunga, Temeke, jina lako unaliacha langoni pamoja na kanga zako. Mdogo wangu Tunu, niliyembeba mgongoni tangu ana siku arobaini, ni namba 12. Anamaliza mwaka huu.

Nilimkuta barazani akikunja shuka. Nikaita, "Tunu!" kwa furaha yote niliyokuwa nayo, maana siku hii nimeisubiri miaka sita. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Thelathini na Moja, humu hatuitani hivyo."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha.

Daftari hili kanipa Mjomba Jabiri. Alitoka nalo vitani Burma na hakuwahi kuandika humo hata mstari. "Andika humu," kaniambia, "usije ukampasulia mtu." Ananijua vizuri.

Alhamisi, 2 Machi

Nimesomewa sheria. Si za Metroni, Mwingereza wetu. Zake zimebandikwa ukutani na zinahusu sabuni na kucha. Hizi ni za wanafunzi wenyewe. Aliyenisomea ni Felicitas, namba 9, mtoto wa misheni ya kusini, mrefu, mnyoofu, hacheki.

Aliyeingia kabla yako ni wa mbele. Aliyeingia baada yako ni wa nyuma. Umri haumo, ndoa haimo, kuzaa hakumo. Wa nyuma humchotea wa mbele maji, humfulia aproni, na wodini hasemi mpaka aulizwe. Kila asubuhi kabla ya chai wa mbele hukaa kwenye benchi kwa kufuata namba, na wa nyuma hupita mbele yao akitoa shikamoo kwa mmoja mmoja, toka wa kwanza hadi wa mwisho. Na kila mgeni hukabidhiwa wa mbele mmoja wa kumwangalia. Wangu ni namba 12.

Nikamwambia, "Maji nitachota. Aproni nitafua, na choo nitasugua mkitaka. Lakini shikamoo si maji ya kuchota. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, nimeachika, nimezaa mara mbili. Wewe una mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Basi wewe ndiye wa kuniamkia mimi."

"Nje ya lango, ndiyo," akasema Felicitas. "Humu ndani mimi niko mbele yako."

"Na kwenye benchi hilo yumo mdogo wangu wa tumbo moja."

"Tunajua. Naye anajua."

Ijumaa, 3 Machi

Sikuamkia mtu.

Jumamosi, 4 Machi

Sikuamkia mtu. Manyunyu.

Jumatatu, 6 Machi

Sikuamkia mtu. Bernadeta ameamkia benchi zima kwa sauti tamu, hata namba 30 aliyetutangulia mwezi mmoja tu. Kisha akaninong'oneza, "Dada Mwanaheri, ni neno tu, halina uzito." Lingekuwa halina uzito wasingelitaka kwa nguvu hivi. Nimepewa choo kwa wiki mbili.

Jumapili, 12 Machi

Leo tumeruhusiwa kwenda nyumbani Mtoni, mimi na Tunu. Njia nzima alitembea hatua tatu mbele yangu. Tulipovuka kizingiti cha Mama tu, akageuka, akainamisha kichwa: "Shikamoo, dada."

"Marahaba!" nikaitikia, kwa sauti ya kufika kwa majirani wa pande zote mbili.

Kabla ya kula akachukua birika na beseni, akaninawisha mikono kama anavyofanya tangu utotoni. Nilimtazama utosini, nikajiuliza ni Tunu yupi huyu na yule wa Temeke ni nani.

Nilimweleza Mama habari ya benchi. Mama aliacha kupakua wali. "Umwamkie Tunu? Weye? Huyu niliyemzaa weye ukanishikia taa?" Akamgeukia Tunu. "Na weye ungeitikia?"

Tunu akasema, "Mama, shule ina mambo yake."

"Basi yabaki hukohuko. Ndani ya nyumba hii mkubwa ni mkubwa."

Nilifurahi sana, naona haya kuandika jinsi nilivyofurahi.

Lakini njiani tukirudi Tunu akanena, na maneno yake yamenikaa kifuani. Alisema, "Dada, una miezi mitatu ya kujaribiwa. Mwisho wa Mei Metroni huwauliza wa mbele: huyu abaki au aende? Wakisema aende, anakwenda. Metroni hajapata kuwapinga."

Na mimi siwezi kwenda. Mwanangu wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa, mguu ukitangulia, na mwanamke aliyenizalisha hakujua la kufanya ila kulia pamoja nami. Tangu siku ile nataka kujua la kufanya. Mume aliyekuwa akinikataza ameshaniacha, Mama anamlea binti yangu, na umri wa kupokelewa mwisho wake ni ishirini na saba. Nikitolewa hapa, ndiyo basi.

Wanipe choo mpaka Idi. Shikamoo sitoi.

Jumatatu, 20 Machi

Masika imeingia kwa kishindo. Bati la wodi linapigwa mpaka hatusikizani.

Leo wa mbele wamekutana. Felicitas akasimama mbele ya benchi akasema, "Kuanzia leo Thelathini na Moja hayupo." Maana yake ni kwamba hakuna wa mbele atakayenisemesha mpaka niamkie. Nikiuliza, hawajibu. Kama kuna kazi yangu, anaambiwa Bernadeta, naye ananiambia mimi. Nilimtazama namba 12. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumanne, 21 Machi

Sipo. Nimekula uji nikiwa sipo. Ulikuwa na sukari kidogo.

Jumamosi, 25 Machi

Mvua. Sipo.

Alhamisi, 30 Machi

Nimeacha kuwauliza. Mtu asiponijibu mara tano, mara ya sita mdomo wangu hapati. Najifunza kwa macho: naona wapi wanaweka mkono, naona wanasikiliza nini. Bernadeta ni mdomo wao na sikio langu. Maskini, anachoka kurudia kila kitu mara mbili.

Jumapili, 9 Aprili

Pasaka. Bernadeta na Felicitas wamekwenda kanisani, mimi na Tunu tumerudi Mtoni tukikanyaga maji mpaka magotini. Mto umemwagika.

Mjomba Jabiri alikuwa na homa yake ya Burma, amejifunika blanketi la jeshi. Nikamweleza habari ya benchi, nikitaka acheke. Hakucheka.

"Wajapani nao wanalo hilo," akasema. Kule alikuwa msaidizi katika hospitali ya jeshi, na baada ya vita wodi yake ililaza mateka. "Palikuwa na mzee mmoja, kichwa cheupe, na kijana hata ndevu hazijajaa. Mzee ndiye aliyekuwa akimwinamia kijana. Anamtandikia kitanda, anamngoja aanze kula. Na anamwita senpai. Nikadhani ndilo jina lake. Yupo mwenzao alikuwa akijua Kiingereza, nikamuuliza. Akaniambia, senpai ni mwenzio aliyekutangulia, shuleni au kazini. Wewe uliyemfuata ni kohai. Mliofika siku moja ni doki. Wale wawili walikuwa kiwanda kimoja cha nguo kabla ya vita. Kijana aliingia utotoni, mzee akaja ukubwani. Basi."

"Basi mzee mzima anamwinamia mtoto kwa sababu alitangulia kufika kwenye mlango wa kiwanda!"

"Ngoja, Mwanaheri, sijafika..."

Sikungoja. Nilimwambia kama ndiyo hivyo haishangazi walishindwa vita, nikaenda jikoni. Nilimsikia akikohoa nyuma yangu.

Tunu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Kaninawisha.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimelifikiria neno doki. Bernadeta ni doki wangu. Nimemwambia, amelipenda, sasa ananiita hivyo tukiwa choo cha uani. Ndilo jambo la pekee lililonichekesha wiki hii.

Jumatano, 19 Aprili

Felicitas amezalisha mtoto aliyejifunga kitovu shingoni mara mbili. Vidole vyake havikutetemeka. Namchukia, na ni mkunga hodari. Yote mawili nayaandika.

Jumanne, 25 Aprili

Mvua. Sikuamkia mtu. Sipo.

Jumatatu, 1 Mei

Umebaki mwezi. Bernadeta amesikia kwamba wamekwisha kubaliana juu yangu: nitaambiwa niende. Ameniomba kwa machozi. "Mara moja tu, doki. Pita haraka. Usiwatazame." Nikamwambia, nikipita mara moja nitapita maisha yangu yote.

Kisha nimelala nikifikiri juu ya binti yangu, na juu ya yule ambaye hakupata jina. Sitoi. Lakini ninaogopa, na hilo pia naliandika.

Ijumaa, 5 Mei

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Bernadeta aliamka na malaria. Amelazwa. Kwa hiyo leo sikuwa na sikio.

Kitanda cha nne alikuwepo Chausiku, mama wa watoto sita, ameletwa juzi kwa lori kutoka Chanika. Mimi nilijua jina lake na kwamba anapenda chai ya tangawizi. Nisilolijua ni kwamba katika uzazi wake wa mara mbili zilizopita alitoka damu mpaka akazimia. Asubuhi Metroni alimwambia Felicitas: huyu asiinuke kitandani hata kwa haja, sindano iwekwe tayari pembeni yake, na uchungu ukishika niitwe mara moja. Felicitas akawanong'oneza wa mbele wote pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka hapo, na ndoo mkononi. Lakini mimi sipo.

Saa tano hivi nilikuwa peke yangu wodini. Felicitas alikuwa chumba cha kuzalia na mama mwingine, mvua inapiga bati. Chausiku akaniita. "Bibie, nataka kwenda haja. Imenibana."

Mie niliyezaa mara mbili nilipaswa kujua hiyo ni haja gani. Sikumwuliza mtu, maana nimeacha kuuliza tangu Machi. Nikamshika mkono, nikamwinua, tukatoka barazani kuelekea uani.

Hatukufika. Kwenye nguzo ya pili akakamata ukingo wa ukuta, akapiga ukelele, akachuchumaa. Nikapiga magoti kwenye saruji, nikatandaza aproni. Mtoto akaja mikononi mwangu, wa kike, akalia papo hapo. Nilimdaka vizuri. Naandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu hakuna mwingine atakayeandika. Kwa muda wa pumzi kumi nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote tangu nifike hapa.

Kisha nikaiona damu. Haikuwa damu ya kawaida. Ilitoka bila kelele, haikatiki, ikashuka kwenye ngazi na mvua ikaichukua. Uso wa Chausiku ukageuka rangi ya jivu. Akasema, "Nisamehe, bibie, nakuchafulia."

Nilipiga kelele, "Tunu!" Si namba. "Tunu! Tunu!"

Alikuja mbio, miguu mitupu. Alimtazama mara moja tu, akaanguka magotini, akaweka ngumi juu ya tumbo la Chausiku akaanza kulikanda. "Felicitas! Sindano!" Naye akaita jina. Kisha akanivuta mkono. "Dada, shika hapa. Kanda. Kwa nguvu. Usiache hata kama analia!"

Nilimlaza mtoto kwenye aproni, nikakanda. Chini ya mkono wangu tumbo lilikuwa laini, halina uhai. Felicitas akaja na bomba, akachoma. Metroni akatokea, nywele zimelowa. Nikaendelea kukanda, Tunu akihesabu kwa sauti sijui anahesabu nini, mpaka nikasikia chini ya kiganja kitu kinakaza, kinajikunja, kigumu. Damu ikapungua, ikawa matone.

Alasiri Chausiku alifumbua macho, akaomba chai ya tangawizi. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia.

Jumamosi, 6 Mei

Metroni alituita wote ukumbini. Tukapanga mstari kwa namba.

"Nani alimwinua kitanda cha nne?"

Mimi nilikuwa na jibu mdomoni tangu jana. Nilitaka kusema: mimi, kwa sababu sikuambiwa, na sikuambiwa kwa sababu ya hawa. Nilitaka kuwataja mmoja mmoja kwa namba zao. Nilitazama mbele, nikamwona Felicitas amekaza taya, anatazama sakafu. Nikafungua mdomo.

Tunu akatoka mstarini. "Ni mimi, Metroni."

"Wewe hukuwa wodini."

"Thelathini na Moja nimekabidhiwa mimi. Asilolijua yeye ni mimi sikumwambia. Najibu mimi."

Nikasema, "Si kweli!" Metroni akanyanyua kidole. "Wa mbele ameshajibu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. Akaandika kitabuni. Tunu hatafanya mtihani wa Juni. Atafanya Desemba, akiwa na tabia njema.

Wenzake wote wa mwaka wa mwisho wataondoka na vyeti, yeye atabaki.

Nilimfuata mpaka kwenye karo la kufulia. "Kwa nini umesema uongo?"

"Sikusema uongo." Alikuwa anafua aproni yenye damu, hainitazami. "Siku uliyoingia hakuna aliyekutaka. Mtu mzima, mkali, atatusumbua, walisema. Mie nikaomba nipewe wewe. Basi wewe ni wangu, na wa kwako akikosa unajibu wewe. Kazi ya wa mbele ndiyo hiyo. Maji ya kuchotewa ni kitu gani?"

"Ungeniacha nijibu mwenyewe."

"Ungejibu, ungefukuzwa. Mie nikijibu, nachelewa. Piga hesabu."

"Na lile la kuninyamazia? Nalo ni kazi ya wa mbele?"

Hapo akaacha kufua. "Jana asubuhi nilikupita barazani, dada. Habari ya kitanda cha nne ilikuwa kinywani mwangu. Nikakuona na ndoo yako, shingo umeikaza, nikasema moyoni, aniamkie kwanza. Nikaimeza." Akaanza kulia. "Hilo ndilo nililolijibia. Usiniambie si langu."

Nikashika upande wa pili wa aproni, tukaikamua.

Jumatatu, 8 Mei

Wa nyuma haendi ofisini kwa Metroni bila wa mbele wake. Nimekwenda, na sikubisha hodi mara mbili.

Nilimweleza kila kitu: benchi, shikamoo, siku arobaini na sita za kutokuwepo. Nilimwambia, "Waliosikia amri ni wengi. Asiyeisikia ni mmoja, na ndiye aliyekuwa wodini. Na huyo mmoja hakuuliza. Kosa langu liandike kwa jina langu. Naitwa Mwanaheri binti Mwinjuma."

Akasema yaliyoandikwa yameandikwa. Nikabaki nimesimama. Akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia nangoja kalamu. Mwishowe akaandika jina langu chini ya jina la Tunu, lakini adhabu ya Tunu hakuiondoa. Choo changu mpaka Septemba.

Nikamwambia tena: amri ya mgonjwa isiwe kwenye vinywa vya watu, maana vinywa hufungwa. Iandikwe kwenye kibao pale kitandani. Akafunga kitabu, akanionyesha mlango.

Jumatano, 10 Mei

Vibao vimekuja, vya kuandikia vya watoto wa shule, kimoja kila kitanda, na chaki. Hakuna aliyesema limetoka wapi wazo hilo.

Alhamisi, 11 Mei

Felicitas alinisemesha. Nilikuwa napiga deki. Akasimama mlangoni na kusema, "Kitanda cha sita amekojoa."

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Machi ishirini. Nikasema, "Nimesikia."

Hakuondoka. Akasema, "Mimi walininyamazia miezi miwili, mwaka wangu wa kwanza. Niliamkia."

"Uliamkia ukapata nini?"

"Nilipata zamu yangu ya kukaa kwenye benchi."

Nadhani hakupenda alivyojisikia akilisema hilo. Akaenda kumbadilishia shuka kitanda cha sita mwenyewe.

Jumapili, 14 Mei

Mto umeshuka. Mjomba Jabiri amepona, anakaa nje anaanika viatu. Nikaketi karibu yake, nikamwambia, "Mjomba, yule mzee wa Kijapani. Hukumaliza."

"Ulinikatiza."

"Sasa nanyamaza."

"Yule mzee aliiba kopo la maziwa stoo. Njaa. Sajini akawapanga, akauliza nani. Kabla mzee hajafungua mdomo, kijana akatoka mstarini. Akachimbishwa mashimo siku tatu kwenye mvua. Msimamizi wake nilikuwa mie." Akageuza kiatu kimoja. "Nikamuuliza yule mwenye Kiingereza, huyu ana wazimu? Akasema, hapana, ni senpai. Akaniambia, kule kwetu kuinamiwa ni malipo ya mbele, kabla ya kazi. Siku kama hii ndiyo mzigo wenyewe unapofika."

"Na mzee alifanya nini?"

"Siku tatu zote hakula. Anaweka sahani yake pale shimoni."

Nikamwambia ukweli wangu: hata hivyo si haki. Mzee angejibia kopo lake. Na wapo akina senpai wangapi waliokula kuinamiwa miaka yote, na siku ya mzigo wakatazama sakafu? Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Wapo tele. Ndiyo maana yule mmoja sijamsahau."

Jumatano, 31 Mei

Siku yenyewe. Metroni alisimama mbele ya benchi. Alianza na Bernadeta: abaki. Kisha, "Thelathini na Moja. Abaki, aende?"

Wote wakamgeukia Felicitas, maana ndiye wa mbele kuliko wote. Tunu alikuwa nafasi yake, mikono mapajani.

Felicitas akasema, "Hajui kuamkia. Lakini anajua kudaka mtoto, na anajua kubaki amesimama mpaka aandikwe jina. Abaki."

Wengine wakafuata: abaki, abaki. Namba 30 peke yake alisema aende. Simlaumu, katika wawili wa kumwamkia alimpata mmoja tu.

Nimebaki. Nimebaki na sikuamkia mtu.

Alhamisi, 1 Juni

Nilisherehekea mapema. Ipo sheria moja ambayo hawakunisomea. Wa mbele aliyerudishwa kwa kosa hupoteza namba. Mwezi mpya ukiingia huanza upya, nyuma ya wote. Nimemkuta Tunu chini ya dirisha na sindano. Ameifumua 12 ya ukosi wake, anashona 33.

Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni wa mbele wa mdogo wangu.

Ijumaa, 2 Juni

Asubuhi benchi limepangwa. Felicitas akanionyesha nafasi yangu, kati ya namba 30 na Bernadeta. "Kaa, Thelathini na Moja. Sasa una wa nyuma."

Tunu alikuwa amesimama peke yake mwanzoni mwa mstari, shingo wazi, namba mpya bado ina mikunjo ya uzi. Alikuwa tayari kupita. Angeniamkia, na nyumba na shule kwa mara ya kwanza zingekubaliana. Kila mtu alikuwa ananitazama.

Sikukaa. Nilikwenda nikasimama kando ya Tunu, nikamshika mkono. Yeye alipita, mimi nikapita naye. Yeye alitoa shikamoo zote, moja moja, kwa sauti iliyonyooka. Mimi sikutoa hata moja. Tulipofika pale ilipokuwa nafasi yangu, palikuwa patupu, naye hapo hakuwa na mtu wa kumwamkia.

Bernadeta akainuka kwenye benchi kabla hajafikiwa, akaja kusimama nasi. Doki wangu.

Jumapili, 11 Juni

Mvua imekwisha. Njia ya Mtoni imekauka, ina nyufa.

Felicitas amefaulu mtihani, ameondoka jana na cheti chake. Langoni, akiwa amevaa kanga, alinipa mkono. Hakuniamkia, wala mimi sikumwamkia. Aliniambia, "Vile vibao usiache vikafutika."

Leo Mama alipika vunja jungu la Ramadhani mapema, maana hatutapewa ruhusa tena mpaka Idi. Wali wa nazi, samaki, na Mjomba ameleta tende. Mimi nilifika wa kwanza, Tunu alichelewa kwa kupitia kisimani. Mama hajui habari ya namba, tumemwambia tu mtihani umesogezwa.

Tunu akavuka kizingiti. Nilimwona anainamisha kichwa, anafungua mdomo kama anavyofanya siku zote. Nikainuka kabla yake.

"Shikamoo, Tunu," nikasema.

Mwiko ukamwanguka Mama. "Mwanaheri! Unamwamkia mdogo wako? Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndiyo, Mama. Hakuna aliyenilazimisha."

"Mmelogwa huko Temeke! Jabiri, wasikie hawa!"

Mjomba alikuwa anaweka tende kwenye sinia. Hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama.

Tunu alinitazama. Niliona anafikiri atoke mbio, au acheke, au alie. Mimi sikukaa. Nilimngoja, na ningemngoja mpaka magharibi.

"Marahaba, dada," akasema.

Kisha akaenda kwenye kona, akachukua birika na beseni, akapiga magoti mbele yangu na kuninawisha mikono, maana mimi ndiye mkubwa.